Nakala Ipi ya Kickstart? Uhakiki wa Usanidi wa Faili za ROM katika Emuleta za Kompyuta ya Amiga

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna programu zinazoiga kompyuta ya Amiga zinavyoshughulikia faili za ROM, ambazo bila hizo programu hizo haziwezi kuwaka. Kwa kutumia misingi ya uhakiki wa matini, makala yanadai kwamba kuchagua faili ya ROM ni uamuzi wa kihariri na si hatua ya kiufundi tu. Imebainika kwamba programu hizo zimefaulu kutambua nakala sahihi, lakini humwachia mtumiaji nafasi finyu ya kuuona uamuzi uliokwisha kufanywa kwa niaba yake.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1995 Jeff Rothenberg alichapisha katika jarida la Scientific American makala yaliyoonya kwamba hati ya kidijitali inaweza kudumu kwenye diski na bado isisomeke, kwa sababu programu na mashine iliyoitengeneza zimetoweka. Katika ripoti yake ya mwaka 1999 alitetea suluhisho moja: kuhifadhi programu asilia, kisha kuiga mashine ya zamani ndani ya mashine mpya. Programu inayofanya uigaji huo ndiyo inayoitwa emuleta katika makala haya.

Hoja ya Rothenberg ina nguzo mbili, yaani maunzi yanayoigwa na programu inayohifadhiwa. Hata hivyo, katika kompyuta nyingi za miaka ya 1980 kuna kitu cha tatu kilichokaa katikati ya nguzo hizo. Hicho ni ROM ya mfumo, programu iliyochomwa ndani ya chipu na kuuzwa kama sehemu ya mashine. Mnunuzi aliigusa kila alipowasha kompyuta, lakini hakuwahi kuimiliki kama faili. Emuleta inapomwomba aonyeshe faili hiyo ilipo, inamdai kitu ambacho hakuwahi kukabidhiwa mkononi.

Suala hili haliwahusu wapenzi wa michezo ya zamani peke yao. Commodore ilipoizindua Amiga jijini New York mwaka 1985, Andy Warhol aliitumia jukwaani kuichora sura ya mwimbaji Debbie Harry. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba wanachama wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walikuwa wameopoa picha za msanii huyo kutoka kwenye diski za Amiga zilizokuwa katika Jumba la Makumbusho la Andy Warhol, Pittsburgh. Ikiwa kazi za kiwango hicho zimo katika diski za namna hiyo, basi swali la mfumo upi utumike kuzifungua ni swali la wahakiki wa sanaa sawasawa na lilivyo la mafundi.

2.0 ROM kama Matini

Prosesa ya Motorola 68000, iliyotumika katika Amiga za mwanzo, inapowashwa haina inachokijua. Husoma thamani mbili tu kuanzia anwani sifuri ya kumbukumbu: ya kwanza huieleza mahali pa kuweka rafu yake, na ya pili huieleza ilipo amri ya kwanza ya kutekelezwa. Katika Amiga, ROM huonyeshwa kwa muda kwenye anwani hiyo ya sifuri ili prosesa ipate pa kuanzia. Emuleta huweza kuiga prosesa na chipu za picha na sauti kwa ustadi mkubwa, lakini isipopewa ROM haina amri ya kwanza. Ni mwili usio na neno la kutamka.

Neno hilo limeandikwa na watu na limetolewa katika matoleo. Kwenye Amiga 1000 ya mwaka 1985, mfumo huo uitwao Kickstart ulipakiwa kutoka kwenye diski. Amiga 500 na Amiga 2000 za mwaka 1987 ziliuweka ndani ya chipu. Toleo la 1.3 liliongeza uwezo wa kuwasha kompyuta moja kwa moja kutoka kwenye diski kuu. Matoleo hayo ya kwanza yana kilobaiti 256. Toleo la 2.04, lililokuja na Amiga 500 Plus mwaka 1991, lina kilobaiti 512. Baadaye yakafuata 3.0 na 3.1. Kila toleo lina namba ya marekebisho: 1.3 inayojulikana zaidi ni 34.5, na 3.1 ya Amiga 1200 ni 40.68. Matini yenye waandishi, matoleo na masahihisho inastahili kusomwa kwa zana za uhakiki wa matini.

3.0 Wanakili na Makosa ya Unakili

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanaifahamu kazi hiyo kupitia miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambamo utenzi mmoja huweza kuwa na nakala kadhaa za wanakili tofauti. Mhakiki huuliza maswali matatu: zipo nakala gani, zinatofautiana wapi na kwa nini, na ni ipi itakayokuwa msingi wa kusomwa.

Faili za ROM nazo zina wanakili. Mwenye Amiga inayofanya kazi anaweza kutumia programu ndogo inayosoma anwani za ROM na kuandika yaliyomo kwenye faili. Mwingine huichomoa chipu na kuisoma kwa kifaa maalumu. Njia zote mbili zina makosa yake. Chipu ya kilobaiti 256 ikisomwa kana kwamba ina 512, faili hubeba matini ileile mara mbili. Amiga 1200 iligawanya matini yake katika chipu mbili. Asiyezisuka pamoja kwa mpangilio unaotakiwa hupata faili yenye ukubwa sahihi na maana iliyovurugika. Vilevile, baiti zinaweza kupinduliwa mbilimbili. Aina hizi hazitofautiani sana na mnakili aliyerudia ubeti au kuchanganya kurasa.

Katika eneo hili emuleta zinastahili sifa. WinUAE na FS-UAE, ambazo zimetokana na UAE iliyoanzishwa na Bernd Schmidt mwaka 1995, haziliamini jina la faili. Hukokotoa namba ya utambulisho kutokana na baiti zote za faili, kwa mbinu kama CRC32 au SHA-1, kisha huilinganisha na orodha ya nakala zinazojulikana. Baiti moja ikibadilika, namba hubadilika. Kwa hiyo mtumiaji wa FS-UAE anaweza kuziweka faili zake katika folda ya Kickstarts kwa majina yoyote, nayo programu ikazitambua. Hiki ni kiwango cha uthibitisho ambacho mhariri wa miswada ya karatasi angekitamani.

4.0 Uamuzi Usioonekana

Hata hivyo, kuthibitisha kwamba nakala ni safi si sawa na kuonyesha kwamba ndiyo nakala inayofaa. Hapa ndipo udhaifu unapojitokeza. Mtumiaji wa FS-UAE anapochagua modeli iitwayo A1200, programu humtafutia Kickstart 3.1. Lakini Amiga 1200 iliyotolewa na Commodore mwaka 1992 ilikuja na Kickstart 3.0, toleo la 3.1 lilikuja katika Amiga 1200 zilizouzwa na kampuni ya Escom baada ya Commodore kufilisika. Chaguo hilo lina mantiki, kwa kuwa 3.1 ni toleo lililokamilika zaidi. Aidha, anayetaka kuitaja faili yake mwenyewe amepewa mpangilio wa kufanya hivyo. Pamoja na hayo, jina la modeli linaahidi mashine ya 1992, ilhali matini iliyomo ni ya baadaye. Mhariri amechagua muswada wa msingi, lakini hakuandika dibaji.

Inaweza kudaiwa kwamba tofauti hizo ni ndogo na hazimhusu mtazamaji wa kawaida. Historia ya Amiga yenyewe inakanusha dai hilo. Amiga 500 Plus ilipotoka na Kickstart 2.04, baadhi ya michezo iliyofanya kazi vizuri kwenye Amiga 500 ilikataa kuwaka, kwani watunzi wake walikuwa wametegemea mambo mahususi ya ROM ya zamani. Baadhi ya wamiliki walilazimika kufunga ROM mbili na swichi ya kuchagua. Basi ikiwa mabadiliko ya toleo yaliweza kuunyamazisha mchezo mzima, hayawezi kuitwa tofauti ndogo. Mhakiki anayeandika leo kwamba mchezo fulani wa 1988 una kasoro hana budi kwanza kueleza ameuona juu ya ROM ipi.

5.0 Njia Tatu za Uhalali

Uamuzi wa kihariri hufungamana na swali la umiliki. Commodore ilifilisika Aprili 1994; Escom ikanunua mali zake mwaka 1995, nayo ikafilisika mwaka 1996; mwaka 1997 Gateway ikazichukua. Matini ilihama mikono bila kupoteza hakimiliki yake. Katika ulimwengu wa kompyuta za zamani, zimejitokeza njia tatu za kulikabili tatizo hilo.

Njia ya kwanza ni idhini. Amstrad, iliyonunua haki za kompyuta za Sinclair mwaka 1986, ilitangaza mwaka 1999 kwamba ROM za Spectrum zinaweza kusambazwa pamoja na emuleta, mradi tangazo la hakimiliki lisiondolewe na ROM zenyewe zisitozwe fedha. Kwa sababu hiyo, mwenye emuleta ya Spectrum mara nyingi hasanidi chochote. Udhaifu wa njia hii ni kwamba hutegemea hiari ya mwenye mali.

Njia ya pili ni mauzo. Tangu mwaka 1997 kampuni ya Cloanto imekuwa ikiuza mkusanyiko uitwao Amiga Forever wenye ROM zilizo na leseni. Katika mkusanyiko huo kuna faili za ROM zilizofungwa kwa msimbo, zinazosomeka tu pale faili ya ufunguo iitwayo rom.key inapowekwa karibu nazo. Njia hii ni halali na humpa msomaji nakala inayoaminika, lakini huifanya hifadhi ya matini itegemee ufunguo ambao nao unahitaji kuhifadhiwa.

Njia ya tatu ni uandishi upya. AROS ni mfumo huria ulioandikwa kuiga tabia za mfumo wa Amiga, na sehemu yake imefungashwa ndani ya WinUAE na FS-UAE ili itumike pale Kickstart inapokosekana. Kwa upande wa Atari ST, EmuTOS hufanya kazi hiyohiyo. Njia hii huondoa kikwazo cha kisheria, lakini kwa mhakiki inaleta tatizo zito kuliko mengine: kinachosomwa si nakala tena bali ni tafsiri. Kazi nyingi huwaka vizuri juu ya tafsiri hiyo, nyingine hushindwa. Mchezo ukishaanza, skrini yake haisemi ni matini ipi iliyoufikisha hapo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba usanidi wa faili za ROM ni mahali ambapo emuleta hukiri, bila kutamka, kwamba mashine haikuwa maunzi matupu. Rothenberg alikuwa sahihi kuhimiza uigaji. Kilichohitaji kusisitizwa zaidi ni kwamba uigaji una wahariri, na wahariri hao huchagua.

Kutokana na hayo, inapendekezwa kwamba tasnifu, onyesho au hifadhi yoyote inayotumia kazi iliyofunguliwa kwa emuleta itaje mambo manne: jina na toleo la emuleta, modeli iliyochaguliwa, toleo la ROM pamoja na namba yake ya marekebisho, na namba ya utambulisho ya faili hiyo. Taarifa hizo zinatosha mstari mmoja. Hakuna mtahini anayekubali utenzi unukuliwe bila kutajwa muswada au chapa iliyotumika, na hakuna sababu ya kuipunguzia picha ya Amiga sharti hilo. Chipu za miaka ya 1980 zinaendelea kufa moja baada ya nyingine. Zitakapokwisha, nakala ndizo zitakazobaki kuwa ushahidi, na ushahidi usiojulikana umetoka wapi hauwezi kusimama.