Mpelelezi na Mahali Pake: Kutoka Harlem hadi Kajiado

Sifa inayotajwa kwanza kuhusu filamu ya Shaft (1971), iliyoongozwa na Gordon Parks, ni madaha ya mhusika mkuu: koti la ngozi, ulimi mkali na mwendo wa mtu asiyemwogopa yeyote. Hata hivyo, madaha hayo si pambo tu. John Shaft anapotoka katika kituo cha reli ya chini ya ardhi na kukata barabara katikati ya magari, mtazamaji anatambua kwamba New York ni mji wake. Anaijua Harlem ya Bumpy Jonas, jambazi anayemkodi amtafutie binti aliyetekwa nyara. Anawajua pia polisi. Kwa kuwa pande zote mbili zinahitaji maarifa yake, hawi mtumwa wa upande wowote. Uhuru wake umejengwa juu ya ujuzi wa mahali.

Shaft in Africa (1973), ya John Guillermin, inathibitisha hoja hii kwa kinyume chake. Shaft anapelekwa Ethiopia kuvunja mtandao unaowauza vijana wa Kiafrika Ufaransa. Dhamira ni nzito, lakini mpelelezi sasa ni mgeni: hana budi kufundishwa lugha na mila, na nchi anayoipita inabaki kuwa mandhari.

Kajiado nayo imewahi kugeuzwa mandhari. Katika The Constant Gardener (2005), ya Fernando Meirelles, mwanadiplomasia Mwingereza anachunguza kifo cha mkewe, na ufuo wa Ziwa Magadi unasimama badala ya Turkana. Filamu hiyo inalaani kwa haki unyonyaji wa kampuni za dawa. Ila mwenye kuuliza maswali ni mgeni, na ziwa linaonekana bila jina lake.

Fasihi ya Kiswahili ilikuwa na mfano mwingine mapema. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), anafumbua mafumbo ya Unguja akiwa mtu wa huko huko.

Mpelelezi wa Kitengela naye angehitaji nini? Tangu ranchi za jumuiya zianze kugawanywa, malisho ya Wamaasai yamekatwa vipande, na nyua za seng'enge zimeziba mapito ya mifugo na ya wanyamapori wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Uhalifu wa mahali kama hapo waweza kukosa risasi kabisa: hatimiliki mbili za ploti moja, au alama ya kidole gumba ya mzee ambaye hakusomewa mkataba. Kuufumbua kwahitaji mtu anayeelewa Kimaasai cha bomani na Kiswahili cha dalali, tena awezaye kuingia ofisi ya ardhi bila kutetemeka.

Huyo ndiye angekuwa ndugu wa Shaft, hata akivaa shuka. Mtunzi anayeiga bastola na koti huokota ganda na kuiacha kokwa.