Golf GTI na Golf GTD: Petroli au Dizeli?

Mwaka 2009, baada ya kizazi cha sita cha Golf kuingia sokoni, kampuni ya Volkswagen iliwawekea wanunuzi wa Ulaya magari mawili ya mbio yaliyofanana bodi na viti vya kitambaa cha miraba. Ila moja lilikunywa petroli, nalo ni GTI, na la pili dizeli, nalo ni GTD. Mpita njia aliweza kuyapambanua kwa mstari mwekundu wa grili ya GTI na kwa ekzosi zake, moja kulia na moja kushoto, ilhali GTD ilizikusanya zote mbili upande mmoja. Lakini tofauti iliyo na maana imo ndani ya silinda, nako ndiko nitakakomchukua msomaji, kwa kuwa hukumu nyingi zilizotolewa juu ya magari haya zimejengwa juu ya tarakimu moja tu, tena isiyofahamika sawasawa.

Tarakimu hiyo ni ya nguvu ya kuzungusha, ambayo mafundi huipima kwa nyutoni-mita. GTD ilitoa 350, GTI ikatoa 280, na mwenye kuisifu dizeli aghalabu huanza na kumaliza hapo. Walakini kazi ifanywayo na injini katika kila sekunde haitokani na nguvu ya kuzungusha peke yake, bali hutokana na nguvu hiyo ikizidishwa kwa wingi wa mizunguko, na mwenye kutaka kilowati huligawa zao lake kwa 9,549. Tukiyapima basi magari yote mawili katika mizunguko 2,000 kwa dakika, tutaona dizeli ikitoa kilowati 73 na petroli haifiki 59, na hapo sifa za dizeli ni za haki kabisa. Tukipanda hadi mizunguko 4,200, dizeli imefika kileleni mwake, nguvu za farasi 170, lakini ile 350 imekwisha shuka hadi kiasi cha 284. Petroli nayo, katika mizunguko iyo hiyo, ingali imeshika 280 yake, itaendelea kuishika mpaka 5,200, na mara baada ya hapo itafikia nguvu za farasi 210, wakati dizeli imekwisha ishiwa na pumzi na dereva amekwisha tia gia nyingine.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Katika injini ya petroli cheche ya plagi huwasha mchanganyiko uliokwisha tayarishwa. Katika dizeli hakuna plagi ya cheche, bali hewa hugandamizwa mpaka ikapata moto mkali, ndipo nozeli inapoyarusha mafuta, nayo huwaka kadiri yanavyoingia na kuchanganyika. Jambo hilo linataka muda, na muda ndio kitu ambacho injini iendayo mbio haina. Fauka ya hayo, pistoni na viungo vya dizeli huundwa vizito ili vistahimili mgandamizo huo, na kitu kizito hakipendi kurushwa juu na chini mara elfu sita kwa dakika. Kwa kuwa mizunguko yake ni michache, dizeli hupewa gia ndefu zaidi, na gia ndefu huzidisha nguvu kidogo kuliko gia fupi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile ziada ya nyutoni-mita 70 hupotea njiani, haifiki kwenye tairi. Saa ya kupimia inashuhudia: kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, GTI ilichukua sekunde 6.9 na GTD 8.1.

Mwenye insafu ataongeza kwamba hakuna aishiye kwa kuondoka kwenye taa za barabarani. Katika barabara kuu ya Ujerumani au ya Uingereza, gari likiwa katika gia ya sita nyuma ya lori, dereva wa GTD hukanyaga tu na akapita, ilhali wa GTI, akitaka wepesi ule ule, atashuka gia moja au mbili. Kwa mtu wa safari ndefu hiyo ni raha ya kweli. Lakini gari la aina hii halikubuniwa kwa raha hiyo. GTI ya kwanza, iliyooneshwa Frankfurt mwaka 1975, ilikuwa na injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi 110, na fahari yake ilikuwa ni gari jepesi la familia linaloimba katika mizunguko ya juu; GTD ya kwanza, ya mwaka 1982, ilikuwa na farasi 70, na sidhani kuna aliyeinunua kwa ajili ya kwenda kucheza nayo milimani.

Kwa nini basi GTD ya 2009 ilitengenezwa kwa bidii yote ile? Jibu halimo katika karakana bali katika ofisi za kodi. Tarakimu rasmi zilisema GTI hutumia lita 7.3 kwa kilomita 100 na GTD lita 5.3, yaani pungufu ya asilimia 27. Lakini lita ya dizeli ina kaboni nyingi kuliko lita ya petroli, hivyo katika hewa ya ukaa tofauti ilikuwa ya gramu 170 kwa 139 kwa kilomita, pungufu ya asilimia 18 tu. Uingereza tangu mwaka 2002 ilimtoza mfanyakazi aliyepewa gari na mwajiri wake kwa kufuata gramu hizo, na hata baada ya dizeli kuongezewa asilimia tatu za adhabu, bado ilitoka nafuu. Wengi walioiendesha GTD waliichagua kwa kalamu kabla ya kuichagua kwa mguu.

Ikaja Septemba 2015. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ikatangaza kwamba injini ya dizeli ya ukoo wa EA189, ambao ndio ukoo wa GTD hii, ilitiwa programu iliyotambua kuwa gari limo katika mashine ya kupimia, ikausafisha moshi kwa muda huo, kisha barabarani ikauachilia. Na magari yaliyohusika ulimwenguni yalikuwa kiasi cha milioni 11. Pigo la pili likafuata London. Kuanzia Aprili 2019, gari la dizeli lisilofikia kiwango cha moshi cha Euro 6 hutozwa pauni 12.50 kwa kila siku liingiapo katika eneo la hewa safi, eneo ambalo tangu Agosti 2023 limeenea mji mzima, na petroli inatakiwa Euro 4 tu. GTD ya 2009 ni Euro 5: hutozwa. GTI ndugu yake hupita bure. Mtu aendeshaye kilomita 15,000 kwa mwaka huokoa kwa dizeli lita 300, na tukiihesabu lita kwa pauni moja na nusu, akiba yote ya mwaka humalizika katika siku 36 za kuingia mjini.

Lipo pia suala la kichujio cha masizi katika ekzosi ya dizeli, ambacho hujisafisha kwa kuyachoma masizi hayo katika joto la kiasi cha digrii 600. Joto hilo halipatikani kwa kumpeleka mtoto shule na kurudi. Linataka mwendo mrefu wa kasi moja, na gari lisipopewa mwendo huo kichujio huziba, na bei yake hula akiba ya miaka. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam azingatie zaidi ya hapo kwamba kichujio hicho kilisanifiwa kwa dizeli ya Ulaya yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, ilhali kiwango kilichowekwa Afrika Mashariki mwaka 2015 kilikuwa 50.

Hukumu yangu, kwa hiyo, ni kwamba GTD inamfaa mtu mmoja tu: aendaye safari ndefu karibu kila siku, asiyeingia miji inayotoza, na asiyejali sana gari likoje katika mizunguko ya juu. Wengine wote wachukue GTI, lakini wasiichukue huku wamefumba macho. Injini yake hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingizia hewa haziogeshwi na mafuta na hushika ukoko wa kaboni. Na kikaza mnyororo wa wakati katika injini za miaka ile kilijulikana kwa udhaifu. Anayekwenda kulitazama amtake mwenye gari asiliwashe kabla yeye hajafika, aweke mkono juu ya boneti kuhakikisha ni baridi, ndipo liwashwe mbele yake. Mnyororo ukigonga kwa sekunde mbili tatu za mwanzo kabla ya oili kupanda, aombe kuona risiti ya kikaza kipya, na isipokuwapo aende kutazama jingine.