Uliacha lini?

Kijana wa Lubarika aliniletea barua ya kuomba kazi niipitie. Tangu Kongo isaini mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, Aprili 2022, barua za Kiingereza zinanifikia mara kwa mara. Sentensi yake ya tatu ilisema: "I used to work with rice farmers."

"Uliacha lini?" nikamuuliza.

"Sijaacha, mwalimu. Jana tu nilikuwa nao shambani."

Alikusudia kusema amezoea kazi hiyo. Alichoandika ni kwamba aliifanya zamani, sasa basi. Kosa limetoka kwenye Kiswahili. "Nimezoea" ni neno moja, nafsi na wakati vimo humohumo, kwa hiyo "am" haidaiwi popote. Kifaransa cha shule, ambacho tumezoea kukilaumu, hapa hakina hatia: "je suis habitué à" ina "suis" yake wazi kabisa.

Hatia yake inakuja hatua ya pili. Kijana alisahihisha akaandika "I am used to work", maana Kifaransa humpa "travailler" baada ya "à", na ku- yetu inaunga mkono. Sasa mambo yakaharibika zaidi. "The pump is used to irrigate the field" maana yake pampu hutumiwa kumwagilia shamba. Naye alikuwa amejigeuza pampu.

Kipimo ninachokitumia ni jua la bonde la Ruzizi. "Nimezoea jua": "I am used to the sun." Nomino imekaa vizuri baada ya "to", basi kitenzi kikitaka kukaa hapo nacho sharti kivae unomino, yaani -ing: "I am used to working." Kwetu "kufanya" ni kitenzi na ni nomino pia (twasema kufanya kwake), ndiyo maana mpaka huo hatuuoni.

Sikio nalo hudanganya. Herufi d humezwa na t inayofuata, mtu akaandika "use to". Umbo hilo ni sahihi baada ya "did" tu: "I did not use to".

Sentensi ikanyooka: "I am used to working with rice farmers." Tukashuka hadi mstari wa mwisho: "I look forward to hear from you." Sikusema kitu. Alifunika "hear from you" kwa kidole, akaweka "your reply", ikakaa. Akachukua kalamu.