Heko, Fundi wa Waya za Plagi
Migori mjini, ipitapo barabara ya kwenda Isebania, na kule Homa Bay kando ya ziwa, Corolla kuukuu likianza kukohoa hupelekwa jua kali. Fundi mzuri hana pupa. Kabla ya kuchomoa waya za plagi, huzima injini, huiacha ipoe; waya hizo hupitisha zaidi ya volti 10,000. Hashiki waya hata kidogo. Hushika kofia ya mpira iliyofunika plagi, huizungusha kushoto na kulia mpaka iachie, ndipo huivuta. Tena moja moja, maana silinda huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Ukichanganya, gari litatetemeka kama lina malaria (na mwenyewe atakuchemkia). Heko kwake!