Kuhesabu Watu kwa Mashine

Mtu akitaka kujua uzito wa gunia la mahindi huliweka katika mizani. Mizani ikisema kilo 90, muuzaji na mnunuzi husadiki, na biashara huisha bila ugomvi. Lakini mwanadamu si gunia. Kwa karne nyingi, aliyetaka kujua jinsi watu wanavyoishi, wanavyohama, wanavyougua na wanavyokufa hakuwa na mizani. Alikuwa na macho, masikio, kalamu na daftari. Siku hizi amepata simu na kompyuta, na wako wasemao kwamba mizani iliyokosekana sasa imepatikana. Msomaji, nakuomba tulipime dai hilo pamoja, kwa insafu, bila ya kuichukia mashine wala kuiabudu.

Mahali pa kulipimia pako Nairobi, katika mtaa wa viwanda uitwao Industrial Area. Alfajiri, watu wengi huja kwa miguu katika barabara ya Lunga Lunga na kusimama mbele ya malango ya viwanda wakitumaini kibarua. Nyuma ya viwanda hivyo, kuelekea mto Ngong, zimesongamana nyumba za mabati za Viwandani, Mukuru kwa Reuben na Mukuru kwa Njenga. Mpangaji wa huko leo yupo. Kesho kibarua kimekwisha, naye amehama. Ni vigumu kuhesabu watu katika mahali pa namna hiyo. Kwa sababu hiyo ni mahali pema pa kujaribia chombo cha kuhesabu, maana nguo hujaribiwa mshono pale inapovutwa.

Chombo cha kwanza ni simu. Kila simu inapopigwa au kuandikiwa ujumbe, kampuni huandika ni mnara gani ulioipokea. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza katika jarida la Science utafiti uliotumia kumbukumbu za simu za watu karibu milioni 15 wa Kenya, za tangu Juni 2008 hadi Juni 2009. Majina ya wenye simu yaliondolewa. Kwa kufuata jinsi simu zilivyohama kutoka mnara hadi mnara, na kwa kulinganisha safari hizo na ramani ya malaria, walionyesha jinsi vijidudu vya ugonjwa huo vinavyosafiri pamoja na watu kutoka pande za Ziwa Viktoria kwenda sehemu nyingine za nchi, Nairobi ikiwamo. Hii ni kazi ya kustahili sifa. Jeshi zima la makarani lisingaliweza kufuata safari za mamilioni ya watu kwa mwaka mzima.

Lakini tazama kilichohesabiwa. Mashine haikuhesabu watu, ilihesabu simu. Mtoto mchanga husafiri mgongoni mwa mamaye, naye hana simu. Mama aombaye simu ya jirani ili aulizie hali ya wazee wake huhesabiwa ndani ya jirani huyo. Watafiti wenyewe hawakulificha jambo hili. Mwaka huohuo wa 2012 baadhi yao walieleza kwamba umiliki wa simu nchini Kenya ulitofautiana baina ya wanaume na wanawake na baina ya mkoa na mkoa, na kwamba ulikuwa mdogo hasa miongoni mwa maskini na watu wa mashamba. Basi kosa si la mwenye kuhesabu aliyetaja mipaka ya hesabu yake. Kosa ni la msomaji ashikaye tarakimu akaiacha mipaka. Tena mnara hujua kwamba mtu ameondoka. Haujui kama amekwenda harusini au amefukuzwa na mwenye nyumba.

Chombo cha pili kilibisha hodi. Tangu mwaka 2002, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya kiitwacho kwa kifupi APHRC kilianza kuziandikisha kaya za Viwandani, na za Korogocho pia. Watu wake walikuwa wakirudi katika kila nyumba mara kwa mara, aghalabu kila baada ya miezi minne, kuuliza ni nani aliyezaliwa, ni nani aliyehama, na ni nani aliyefariki. Mahali ambapo wengi hufia nyumbani, hakuna cheti cha daktari kinachotaja sababu ya kifo. Kwa hiyo mhojaji huketi na wafiwa na kuwauliza kwa upole: Je, marehemu alikohoa? Kwa muda gani? Alikonda? Alikuwa na homa? Zamani majibu hayo yalipelekwa kwa madaktari, nao wakayasoma na kutoa hukumu. Baadaye ikaja programu ya kompyuta iitwayo InterVA, ambayo mtaalamu Peter Byass alikuwa miongoni mwa waliyoibuni.

Programu hiyo haina uganga. Kila dalili imepewa uzito kwa kila ugonjwa. Kikohozi cha siku mbili hakiongezi sana dhana ya kifua kikuu. Kikohozi cha miezi mitatu pamoja na kukonda huiongeza mno. Mashine hukusanya mizani hizo moja baada ya moja, kisha hutaja sababu iliyo karibu zaidi na ukweli. Haichoki, haisahau, na majibu yaleyale yakiletwa mara elfu hutoa hukumu ileile mara elfu. Madaktari wawili waweza kuhitilafiana juu ya maiti mmoja.

Mwaka 2010 hukumu za programu hiyo na za madaktari zililinganishwa kwa vifo vya Viwandani na Korogocho. Katika orodha ya magonjwa yaliyoua wengi, pande mbili zilielekea njia moja kwa kiasi kikubwa. Lakini kifo kimoja kimoja kilipotazamwa, mara nyingi zilitofautiana. Hapa pana somo kubwa, msomaji. Hesabu yaweza kuwa ya manufaa kwa umma na isiwe ya kuaminika kwa mtu mmoja. Waziri apangaye mahali pa kupeleka dawa za kifua kikuu ana haki ya kuitegemea. Mjane atakaye kujua kilichomwua mumewe hana haki ya kuambiwa kwamba mashine imekata shauri. Na zaidi ya hayo, mashine isingalikuwa na neno la kusema kama mhojaji asingaliingia nyumbani mwa mfiwa, akavua viatu, akatoa pole, akasubiri machozi yakauke ndipo aulize. Mhojaji akiharakisha, au mfiwa akiona haya kutaja ugonjwa, uwongo huingia mlangoni kabla ya kufika katika kompyuta, nayo huuzidisha kwa uaminifu mkubwa.

Chombo cha tatu kilishikwa na wenye mahali wenyewe. Watu wa Mukuru, pamoja na Muungano wa Wanavijiji, shirika la Akiba Mashinani na wanazuoni wa vyuo vikuu, waliandika ramani na hali ya makazi yao. Walionyesha kwamba maskini wa Mukuru hununua maji na umeme kwa bei inayozidi ile wanayotozwa watu wa mitaa yenye mabomba na nyaya halali. Jambo ambalo kila mama wa Mukuru alilijua kwa mkoba wake, sasa lilikuwa tarakimu mbele ya serikali. Agosti 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo la kupangwa kwa namna ya pekee, na mashirika zaidi ya 40 yakaingia katika kazi ya mpango huo, wenye kaya zaidi ya laki moja. Kuanzia 2020 barabara, maji na mabomba ya maji machafu vikaanza kuletwa.

Hapo mtu angependa kuifunga hadithi kwa furaha. Lakini mhakiki hana ruhusa ya kufunga kitabu kabla ya ukurasa wa mwisho. Oktoba na Novemba 2021, matingatinga yalibomoa nyumba za Mukuru kwa Njenga ili njia ya barabara ifunguliwe, na maelfu ya watu wakakosa mahali pa kulala. Mahali palikuwa pamehesabiwa, pamechorwa na pamejulikana, lakini kujulikana hakukuwa ngao. Tarakimu yaweza kuleta bomba la maji. Yaweza pia kuonyesha tingatinga mahali pa kupita. Ramani haimjui mshikaji wake. Ndiyo maana Kenya ilipotunga Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, ilitambua kwamba habari za mtu ni mali inayohitaji mlinzi, kama shamba na nyumba.

Sasa tutoe hukumu. Wanaosema kwamba mashine ni mizani mpya wamesema nusu ya kweli. Inaona mbali kuliko jicho, inakumbuka kuliko daftari, na huunganisha mambo ambayo akili ya mtu mmoja isingaliweza kuyabeba. Kuikataa ni kuchagua ujinga, na ujinga haujamlisha mtu yeyote wa Viwandani. Lakini mizani ya sokoni hupima gunia lote lililowekwa juu yake, ilhali mashine hii hupima sehemu tu ya mtu: simu yake, dalili zake, bei ya maji yake. Mwenye kusahau tofauti hiyo hudhani amemjua mtu, kumbe amekijua kivuli.

Wewe uliye shuleni utaishi katika zama ambazo tarakimu zitaletwa mbele yako kila siku, zikiwa zimevaa joho la elimu. Zisalimu kwa heshima, kisha ziulize maswali matatu. La kwanza: ni nani asiyekuwamo? La pili: ni nani aliyeuliza, na aliulizaje? La tatu: majibu yatarudi kwa aliyejibu, au yatakwenda na kupotea? Tarakimu njema haitakasirika kwa maswali hayo.

Pengine siku moja wewe mwenyewe utakuwa mtafiti, nawe utasimama mbele ya mlango wa mabati karibu na mto Ngong, chombo cha kuhesabia kikiwa mkononi. Kabla hujakifungua, piga hodi, ungoje ukaribishwe. Aliye ndani ndiye anayekijua kile ambacho kompyuta yako inakitafuta.