Pengo kwenye jedwali: 'Hajawasilisha' si 'hakuwasilisha'

Wapo wataalamu wa kompyuta wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba fomula, eti ni lugha ya methali na mashairi. Leo naihakiki kauli hiyo kwa kazi moja ndogo inayofanywa kila siku katika ofisi zetu: kuhesabu siku kwa masharti.

Chukua jedwali la wanafunzi wa uzamili. Safu moja ina tarehe ya kusajiliwa, nyingine tarehe ya kuwasilisha tasnifu. Idara inataka kujua kila mmoja amechukua siku ngapi. Fomula inayotumiwa sana husema hivi: tarehe ya kuwasilisha ikiwapo, zihesabiwe siku tangu kusajiliwa hadi tarehe hiyo, isipokuwapo, zihesabiwe hadi leo.

Sentensi hiyo imesimama juu ya -ki- na -sipo-, na ndipo inapostahili kusimama. Wanaoifafanua kwa -nge- hukosea. Ukisema 'tarehe ingekuwapo, siku zingehesabiwa', umekwisha kuamua kwamba tarehe haipo. Programu haijaamua lolote. Inauliza tu, mstari baada ya mstari. Shuleni tunawakaririsha watoto -nge-, -ngali- na -ngeli- hadi wanasahau kwamba -ki- nayo ni ya masharti, tena ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi.

Hata hivyo, tatizo lenyewe liko kwenye pengo. Nafasi iliyo wazi inasema nini? Mswahili ana majibu zaidi ya moja. 'Hajawasilisha': bado anaandika, tunamngoja. 'Hakuwasilisha': aliacha masomo, mlango umefungwa. Na lipo la tatu: aliwasilisha, ila karani hakuingiza tarehe. Kiambishi -ja- kinabeba matarajio ambayo -ku- haina, na mtoto wa chekechea anayejua kusema 'sijala' na 'sikula' anaijua tofauti hiyo. Jedwali haliijui. Fomula inayoweka tarehe ya leo kwenye kila pengo imewafanya wote kuwa 'hajawasilisha'.

Katika taasisi moja niliwahi kuona orodha ya wanafunzi waliotakiwa kujieleza kwa kupitisha muda. Humo mlikuwa na jina la mwanafunzi aliyekuwa amefariki. Kwa kuwa 'leo' husogea kila kunapokucha, siku zake ziliendelea kuongezeka. Barua ilikuwa tayari imechapwa, ikielekezwa nyumbani kwao. Sasa, hapo utailaumu kompyuta? Ilitii ilichoambiwa. Aliyeandika fomula ndiye aliyehitaji safu ya hali ya mwanafunzi, na sharti la kuisoma safu hiyo kabla ya kugusa tarehe.

Wanaotumia SQL wana mtego mwingine. Humo tarehe isiyokuwapo haiwi kubwa wala ndogo kuliko nyingine. Ukiuliza ni nani aliyewasilisha kabla ya tarehe fulani, mwenye pengo hatokei. Ukiuliza ni nani aliyewasilisha baada yake, hatokei vilevile. Anadondoka kimya kimya. Na ukihesabu kwa miaka katika SQL Server, amri ya DATEDIFF itakuambia kwamba kutoka 31 Desemba 2023 hadi 1 Januari 2024 ni mwaka 1, kwa sababu huhesabu mipaka ya mwaka iliyovukwa wala si muda uliopita. Usiku mmoja, mwaka mzima!

Tena kuna neno 'ndani ya siku 7'. Siku ya tukio imo au haimo? Sheria ya Kenya, Sura ya 2, kifungu cha 57, inajibu: haimo. Na siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu, muda husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Muda usiozidi siku 6 una utaratibu wake: siku hizo za mapumziko haziingii kabisa kwenye hesabu. Isome sheria hiyo tena, msomaji wangu. Hayo ni masharti ya -ki- matupu, tayari kuandikwa kama fomula.

Ila jihadhari na hiyo Jumapili. Jina lenyewe linasema 'pili', kwani juma letu linaanza Jumamosi. Excel, usipoielekeza vingine, huipa Jumapili namba 1, na namba 2 ni ya Jumatatu. Atakayelifuata jina na kuandika 'siku ikiwa 2, sogeza', atawaongezea siku wasiostahili na kumnyima aliyeangukiwa na Jumapili. Alhamisi nayo, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ya tano, ilhali Jumatano imekwisha kuichukua namba hiyo. Tuna tano mbili kwenye juma moja, na hakuna fomula ambayo itatusuluhishia hilo tusipoitajia sisi wenyewe juma linaanza lini.