Mwigizaji Mwenye Penseli: Makuzi ya Richard Williams katika Sanaa ya Uhuishaji

Uhakiki wetu umezoea kuutafuta uhusika katika makao mawili, yaani maandishi na jukwaa. Katika riwaya mhusika huundwa kwa maneno. Katika tamthilia maneno hayo huongezewa mwili wa mwigizaji. Makala haya yanadhamiria kuangalia makao ya tatu, ambayo wengi wetu bado tunayachukulia kuwa burudani ya watoto. Haya ni filamu za uhuishaji, ambamo mhusika hana mwili hata kidogo mpaka mtu amchoree. Hapa mchoraji ndiye mwigizaji. Basi mwanafunzi wa sanaa hii hukua kuelekea wapi? Jibu jepesi ni kwamba huzidi kuchora vizuri. Tunashikilia kwamba jibu hilo halitoshi, na mfano wetu ni Richard Williams (1933–2019), mzaliwa wa Toronto aliyefanya kazi London kwa miaka mingi.

Filamu yake ya mwanzo, The Little Island (1958), ina wahusika watatu wanaosimamia Ukweli, Wema na Uzuri. Hawazungumziani. Kwa istilahi tulizorithi kutoka kwa E. M. Forster (1927), hawa ni wahusika bapa, na ubapa wao si kasoro, kwa kuwa kila mmoja ni wazo lililopewa miguu. Filamu hiyo ya dakika 33 ilisifiwa na kutuzwa. Hata hivyo, mafanikio yake hayakumdai mchoraji awe mwigizaji. Wazo halihitaji sababu ya kuinuka kitini.

Kilichofuata ndicho kinachotuvutia. Katika kitabu chake, The Animator's Survival Kit (2001), Williams anaeleza kwamba alipoitazama The Jungle Book (1967) alitambua kuwa hakuwa na ujuzi wa kufanya aliyoyaona pale. Alikuwa na studio yake mwenyewe na jina lake lilikuwa limevuma. Alimwajiri Ken Harris, mzee aliyezaliwa 1898 na aliyetoka katika studio ya Warner Bros., kisha akakaa chini yake kama mwanagenzi. Mwaka 1973, baada ya filamu yake A Christmas Carol (1971) kupata tuzo ya Oscar, alimwalika Art Babbitt, aliyekuwa mhuishaji wa Disney, aje kuwafundisha yeye na wafanyakazi wake. Williams anasimulia pia jinsi alivyomuuliza mkongwe mwingine, Milt Kahl, iwapo husikiliza muziki akiwa kazini, akajibiwa kwa hasira kwamba akili yake haiwezi mambo mawili kwa wakati mmoja. Kisa kinachekesha, ila ndani yake mna nadharia nzima ya uigizaji: mchoraji anayesikiliza kitu kingine ameshamwacha mhusika wake peke yake.

Tuuchukue mwendo, ambao ndio mtihani wa kila mwanafunzi. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, na hatua moja ya mwendo wa gwaride huchukua fremu 12. Anayeanza huzigawa fremu hizo sawasawa, na mhusika wake huteleza kama kigari kinachovutwa kwa kamba. Baadaye hujifunza kwamba mwili huzama mara tu mguu unapopokea uzito, kisha huinuka unapopita juu ya mguu huo, na kwamba mtazamaji huusoma uzito katika kule kuzama. Hadi hapa bado tumo katika fizikia. Makuzi yenyewe huanza pale anapolazimika kuamua ni nani anayetembea. Mwenye duka anayekwenda kudai na mdeni anayepita mbele ya duka lile lile hawawezi kugawiwa fremu kwa namna moja, hata wakiwa na kimo na unene sawa. Kila fremu inayoongezwa au kupunguzwa ni hukumu juu ya mtu.

Na hukumu huweza kuwa potovu. Mwaka 1934 Babbitt aliwaandikia wenzake wa Disney waraka wa kumchambua Goofy. Ni waraka wa maana sana katika historia ya sanaa hii, maana mwandishi wake hakuridhika kueleza jinsi viungo vinavyokwenda. Alitaka kwanza ijulikane mhusika anafikirije. Lakini katika mchanganyiko wa sifa anazomjengea Goofy, pamoja na matumaini yasiyokoma na wepesi wa kudanganyika, Babbitt ametia kijana mweusi, mvivu na mwenye tabia njema. Kijana huyo ametajwa bila haya, kana kwamba ni rangi mojawapo tu katika kibao cha mchoraji. Kwa hiyo mwendo ule uliolegea viungo, ambao vizazi vya wanafunzi vimeuiga kwa ustadi wake, ulichorwa chini ya kivuli cha dhana ya kibaguzi. Hali kadhalika ngoma ya uyoga katika Fantasia (1940), kazi ya Babbitt huyo huyo: uyoga mdogo kuliko wote hupata nafsi kwa kuchelewa hatua tu, jambo la kipaji kikubwa, lakini kundi zima limeumbwa kwa kuwakejeli Wachina.

Fanani wa ngano zetu naye ana fisi wake anayechechemea, na huenda amemkopesha mwendo wa jirani fulani. Tofauti ni kwamba hadhira iko mbele yake, nayo yaweza kumguna papo hapo. Mhuishaji hukaa na karatasi. Mwanafunzi wa Nairobi anayejifunza kwa mifano hii hupokea ufundi na hukumu vikiwa vimefungwa pamoja, na hakuna wa kumguna isipokuwa mwalimu wake, iwapo mwalimu mwenyewe ameyaona.

Makuzi ya Williams hayakunyooka. Katika The Thief and the Cobbler, aliyoihangaikia tangu miaka ya 1960 hadi akanyang'anywa mwaka 1992, mna mbio ndani ya kasri lenye sakafu za mirabaraba ambazo, kwa maoni yetu, ni maonyesho ya jicho tu. Ufundi umekimbia na kumwacha mhusika nyuma. Kinyume chake ni mwizi wa filamu hiyo, aliyechorwa kwa sehemu kubwa na Harris. Mashine kubwa ya vita inabomoka kila upande, naye anapenya katikati yake akiwa na haja moja tu, mipira ya dhahabu. Kwa haja hiyo tunamjua, ijapokuwa hasemi neno.

Mwaka 2015 Williams, akiwa na umri wa miaka 82, alitoa Prologue, filamu ya dakika 6 hivi aliyoichora kwa penseli. Mashujaa wa Sparta na Athene wanauana kwa usanifu wa mwili unaostaajabisha. Karibu nao yumo msichana mdogo anayeyaona yote. Williams anatuacha naye, akimkimbilia bibi kizee ili amshike.